Fimbo ya Ilhan

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya matangi ya maji nilipofika sokoni kutafuta kichwa cha fimbo.

Ilikuwa shughuli ndogo tu. Katika shule yetu, pembezoni mwa mji wa Garissa, wasichana hucheza lakrosi. Ukiuona mchezo huo kwa mara ya kwanza utacheka. Kila mchezaji ana fimbo, na kwenye ncha ya fimbo kuna kichwa cha plastiki kilichofungwa wavu. Mpira, mgumu na mdogo kama ndimu, hudakwa kwa wavu, hubebwa kwa wavu, hurushwa golini kwa wavu. Wageni fulani walituletea fimbo hizo, wakatuonyesha kidogo, wakaenda zao. Mimi, Mwalimu Bishara, ndiye niliyebaki kufundisha.

Kichwa cha fimbo ya Ilhan kilikuwa kimepasuka. Joto la huku hulegeza plastiki, kisha siku moja hupasuka tu. Na Ilhan ndiye aliyekuwa mshambuliaji wetu. Tulikuwa karibu kwenda Nairobi kwenye mashindano, na shule moja ya bweni ilikuwa imeahidi kumsomesha msichana atakayeng'ara. Mama yake, Ebla, anauza maziwa ya ngamia. Karo ya mwaka uliofuata hakuwa nayo. Ilhan asipocheza, masomo yake yangeishia hapo.

Nunow, muuza mitumba, aliwahi kunipatia vichwa viwili kutoka kwenye marobota yake. Jioni hiyo alikuwa amekwisha kufunika meza kwa turubai, ameenda kuswali. Soko lilikuwa tupu. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna boksi.

Nikageuka nirudi.

"Mshambuliaji au beki?"

Sikuwa nimesema neno.

Nyuma ya meza ya Nunow, mchangani, alikuwa amechuchumaa mwanamume mwenye ndevu nyekundu za hina. Mbele yake kulikuwa na gunia. Sura yake ilikuwa ya kwetu, lakini alinisemesha Kiswahili. Sisi tukikutana sokoni huzungumza Kisomali. Kiswahili ni cha darasani, cha ofisini, cha mtu usiyemjua kwao.

"Mshambuliaji," nikasema.

Akafungua gunia. Harufu ikatoka... mafuta yaliyochacha, ngozi mbichi, na chini yake harufu ya tundu, mahali ambapo kitu kimelala kwa muda mrefu.

Nilichagua jinsi ninavyowafundisha wasichana wangu kuchagua. Bila haraka. Cha kwanza kilikuwa na shingo pana.

"Wacha hiyo, abaayo, dada yangu," akasema. "Hiyo ni ya beki. Akigongwa mkono, mpira inaruka nje."

Ni kweli. Mshambuliaji hugongwa sana, kwa hiyo shingo ya kichwa iwe nyembamba, mpira ukae mahali pamoja. Cha pili kilikuwa chembamba hadi mdomoni. Hicho kisingeuokota mpira kwenye mchanga wetu. Cha tatu kilikuwa kizito.

Kisha akanipa kimoja kwa mikono miwili.

Hakikuwa cha plastiki. Kilikuwa cha mfupa, au pembe, rangi ya meno ya mzee. Kilikuwa chepesi. Shingo nyembamba. Mdomo mpana, uliopinda chini kidogo ili uchote mpira mchangani. Wavu ulisokotwa kwa mishipa ya mnyama. Nikaweka mpira ndani. Ukakaa, ukachungulia juu ya ukingo, kama sheria inavyotaka. Kila nilichokuwa nikifundisha kilikuwemo.

"Wavu ni kavu," akasema. "Asugue na mkono yake mwenyewe. Jua ikienda, asugue. Asubuhi asugue tena."

"Vichwa vipya vyote husuguliwa," nikamwambia. "Wavu ulainike."

"Asubuhi tena," akarudia. "Asisahau, mwalimu."

Nililipa. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha moto, kama unyayo wa mnyama aliyekimbia.

Sikumwambia kwamba mimi ni mwalimu.

*

Siku iliyofuata nilikifunga kwenye fimbo ya Ilhan, nikampa maagizo yote mawili. La jioni na la asubuhi.

"Yallah!" akapiga kelele Faiza, golikipa wetu, akiziba pua kwa hijabu. "Kinanuka kama gunia la mifupa!"

"Afadhali kinuke," Ilhan akamjibu. "Wewe golini unanuka woga."

Wakacheka. Ilhan alicheka kuliko wote. Ninataka jambo hilo lijulikane. Alikuwa mtoto wa kucheka.

Mazoezi yakaanza, na mpira ukamgandia Ilhan. Wakamgonga fimbo, wakamgonga mkono, haukuanguka. Aliinama akiwa mbioni, akauchota mchangani bila kupunguza mwendo. Faiza alifungwa mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, hii si haki! Huyu ana kitu!"

"Nina mazoezi," Ilhan akasema. "Na nina mama anayenipa maziwa. Kajaribu."

Jioni wengine walipoenda, alibaki pembeni mwa uwanja, kando ya ua wa miiba. Niliona mgongo wake tu. Alikuwa akisugua. Kwanza wavu kwa kiganja. Halafu akaupandisha mkononi, mpaka kiwiko. Halafu begani. Halafu shingoni, polepole, kama mtu anayejipaka mafuta.

Jua likazama.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Bibi zetu walitusimulia habari za qori ismaris, mtu anayejisugua kijiti. Jua likizama hujisugua, akawa fisi. Watoto wetu hutishwa nayo ili wasitoke nje magharibi. Ni hadithi ya mkekani. Nami niliposimama pale nikiwa na funguo za stoo mkononi, nilijiambia hivyo hivyo. Ni hadithi ya mkekani.

"Ilhan," nikaita.

Hakugeuka. Akainuka na kuanza kukimbia kando ya ua. Mabega juu. Kiuno chini.

Kisha kukawa na vumbi tu.

Na fimbo, imeegeshwa vizuri kwenye ua, kichwa juu. Sikuigusa.

*

Asubuhi alikuwa darasani. Sare safi, macho mekundu. Fimbo ilikuwa chini ya dawati lake, na wavu wake uling'aa kwa kusuguliwa.

"Jana ulikwenda wapi, Ilhan?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Moja kwa moja?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri hesabu. "Sikumbuki njia," akasema.

Wakati wa chakula alisukuma sahani mbali. Nilitaka kuhisi hofu. Nilingoja hofu ije. Haikuja, nikasahihisha madaftari.

Ikawa hivyo kila jioni, na kila asubuhi. Kisha Ebla akaja shuleni, mtungi wa maziwa ukiwa bado mgongoni. Tulisimama nje ya ofisi.

"Macallin," akasema, yaani mwalimu, "mtoto wangu anarudi alfajiri. Miguu imejaa vumbi. Hali kwangu chochote. Jana majirani wamekosa mwana-mbuzi."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza nini? Nilimnusa." Akaukaza mtungi mgongoni. "Ni ile fimbo. Nilipoishika mkono wangu ulisisimka wote."

Nikamwambia nitakwenda kwake jioni, tuzungumze na Ilhan pamoja. Tumwambie aache fimbo hiyo. Nitatafuta nyingine, hata ya beki. Ebla akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na haraka ya kurudi sokoni, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Ilhan hakuja mazoezini siku hiyo. Nikafunga stoo, nikaenda kwao baada ya kuswali magharibi.

Harufu ilinipokea njiani. Nywele zinazoungua. Kwato zinazoungua.

Ebla alikuwa amesimama uani mbele ya jiko la mawe, na moto ulikuwa mkubwa kuliko sufuria yoyote. Mpini wa fimbo ulikuwa umekwisha kuteketea. Kichwa kilikuwa katikati ya makaa, cheusi, kikitoa mlio mdogo kama wa chai inayoanza kuchemka.

"Niliikuta pale uani kwetu, kwenye miiba," akasema. Uso wake ulikuwa umetulia. "Nimeichoma, macallin. Bismillahi nimesema, na Ayatul Kursi. Imekwisha."

"Ilhan yuko ndani?"

"Nilijua yuko nawe."

Tukatazamana.

Ndipo hadithi ya bibi ikanirudia, ile nusu yake ambayo watoto huwa wameshalala ikifika. Alfajiri yule mtu hurudi mahali alipoegesha kijiti chake. Hujisugua tena. Ndipo huwa mtu.

Asubuhi tena. Asisahau.

Sikumwambia Ebla. Hakukuwa na haja. Niliuona uso wake ukikumbuka.

Nje ya ua, karibu sana, kitu kikacheka.

*

Walitafuta. Polisi walikuja na gari, wachungaji wakaenda mpaka mtoni, sheikh akasoma. Timu haikwenda Nairobi. Faiza hakutaka tena kusimama golini. Alisema nyuma ya wavu wa goli, vichakani, kuna mtu anayepumua.

Nilimwendea Nunow sokoni nikamweleza juu ya yule mwenye ndevu nyekundu. Aliendelea kukunja suruali zake.

"Huyo huja kiangazi kikizidi," akasema. "Hatumsalimii, hatumfukuzi."

"Ni nani?"

"Mwalimu, nimesema hatumsalimii."

Mwaka huu wageni walituletea boksi jipya la vichwa. Nililifungua stooni peke yangu. Siku hiyo hiyo Ebla akaja, bila mtungi. Akachuchumaa mbele ya boksi, akavigusa kimoja kimoja kwa vidole vinavyonuka moshi wa kusafishia vibuyu vya maziwa.

"Niambie," akasema. "Mshambuliaji huchagua kipi?"

Nikamweleza. Shingo nyembamba. Mdomo mpana kiasi. Kiwe chepesi. Alinisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Tukafunga wavu wa mishipa ya ngamia, tukaupaka samli, na jioni tukaiegesha fimbo uani kwake, kwenye miiba, palepale ilipokuwa ile nyingine. Kisha tukaingia ndani, tukafunga mlango.

Asubuhi fimbo ilikuwa haijaguswa. Jioni tukaweka nyingine. Ikaanguka kwa upepo. Tukaendelea. Baada ya shule nafundisha, nafunga stoo, nakwenda kwa Ebla. Hatuongei sana. Tunanywa chai na kuchagua.

Leo alfajiri alinigusa bega. Tukatoka.

Fimbo ilikuwa imelala mchangani. Wavu ulikuwa umelainika, uko vuguvugu, na katika fundo moja palinasa manyoya mafupi ya kijivu. Lakini ulisuguliwa upande mmoja tu. Upande wa pili samli ilikuwa bado nyeupe, vilevile tulivyoipaka.

Ebla alikuwa amekwisha kuinama na taa, akitazama alama zilizotoka kwenye miiba, zikafika mlangoni petu, zikasimama, zikarudi.

Za kushoto zilikuwa za mguu mtupu wa msichana. Vidole vyote vilionekana.

Za kulia zilikuwa za fisi.

Ebla akapapasa ile ya kidole gumba kwa muda mrefu. Kisha akajifuta mkono kwenye shuka, akanigeukia.

"Kichwa kilikuwa chembamba," akasema. "Leo tuchague kipana kidogo."