Diski Iliyonyamaza

Wakati wa likizo, kila asubuhi Kalunde alimaliza kazi za nyumbani mapema, kisha akafuatana na mama yake hadi zahanati ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Mwingi. Mama yake, Bi. Muthoki, alikuwa karani hapo. Kalunde alifagia ofisi, akapangusa vumbi la mezani, halafu akaiwasha kompyuta. Ilikuwa mwaka wa 1998, na wenzake wengi wa darasa la saba hawakuwa wamewahi kugusa mashine kama hiyo. Yeye aliruhusiwa kujifunza kupiga chapa wagonjwa wakishaondoka.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, lakini ndani yake mlikuwa na diski mbili. Zamani kumbukumbu za wagonjwa ziliandikwa kwenye kadi, mpaka mchwa walipozila kabatini. Ndipo fundi Amin, mwenye duka la kutengeneza redio na kompyuta mjini, alipoziunganisha diski hizo zifanye kazi pamoja.

"Kila neno unaloandika linaingia kwenye diski zote mbili," Amin alimweleza Bi. Muthoki. "Ni kama mkulima anayeweka mbegu kwenye vibuyu viwili. Kimoja kikiharibiwa na wadudu, kingine kipo. Lakini diski moja ikifa, mniite upesi."

Jioni moja Kalunde alikuwa amechelewa mazoezi ya kwaya. Badala ya kuizima kompyuta kwa utaratibu aliofundishwa, aling'oa plagi ukutani akakimbia. Kesho yake, alipoiwasha, ilitoa mlio mkali. Maneno yakatokea kwenye skrini kwamba diski ya kwanza haifanyi kazi, na kwamba abonyeze kitufe ili aendelee. Alibonyeza. Mlio ukakoma, na majina ya wagonjwa yakajitokeza kama kawaida.

"Ni nini hicho kilichokuwa kikilia?" mama yake aliuliza kutoka chumba cha dawa.

"Si kitu, Mama. Imeshawaka."

Tangu siku hiyo alihakikisha kwamba ni yeye anayeiwasha. Mlio ulipoanza tu, kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kazi iliendelea bila shida yoyote, naye akajiambia kwamba pengine hakuna kilichoharibika. Hata hivyo, hakufurahia tena kupiga chapa.

Baada ya wiki mbili hivi, alifika Mzee Nzioka, aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Alikuwa ametembea kutoka mbali, na shati lilimning'inia mabegani.

"Nyumba yangu iliungua, mwanangu," alimwambia Bi. Muthoki. "Kadi ya dawa imeteketea. Sijui nimefikia wapi."

"Usijali, baba. Kila kitu kimeandikwa humu mara mbili. Hakiwezi kupotea."

Mzee alishusha pumzi, akaketi. Kalunde alimtazama. Wakati huo huo kompyuta ilianza kukwaruza, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "haijaandikwa mara mbili. Diski moja ilikufa siku nyingi zilizopita. Nimekuwa nikikuficha."

Bi. Muthoki aliinua mikono yake kutoka kwenye kibodi. Hakumgombeza. Alimsomea mzee kiasi cha dawa kilichobaki, akakiandika kwenye kadi mpya, kisha akatuma mtu akamwite Amin.

Fundi alikuja na diski mpya mkobani. Alipoizima mashine na kuiwasha tena ili aikague, ajabu ilitokea: diski zote mbili zilionekana kuwa nzima.

"Hapa ndipo pabaya," alisema Amin. "Ile iliyokufa imeamka, lakini haina yaliyoandikwa tangu ilipokufa. Mashine inauliza inakili kutoka ipi kwenda ipi. Nikikosea, ya zamani itafuta mapya. Na hii inayokwaruza sijui kama itavumilia niipekue kwanza. Ni nani aliyeona ujumbe?"

Wote walimgeukia Kalunde. Machozi yalimlengalenga.

"Ni mimi. Ilikuwa ya kwanza. Ilianza kesho yake baada ya mimi kung'oa plagi."

"Una hakika?"

"Niliusoma kila asubuhi, Bwana Amin."

Amin aliitoa diski ya kwanza, akaweka ile mpya mahali pake, akaamuru kunakili kutoka ya pili. Waliketi wakisikiliza ule mkwaruzo. Mara mbili ulisita, na Bi. Muthoki akafumba macho akiomba. Jua lilikuwa limeelekea magharibi kazi ilipomalizika. Kumbukumbu za Mzee Nzioka na za wagonjwa wengine zote zilikuwepo.

"Ni mimi niliyeiua?" Kalunde aliuliza.

"Huenda, au huenda ilikuwa imechoka," Amin alijibu. "Hilo sitalijua."

Bi. Muthoki alimshika binti yake begani. "Likizo hii hutaigusa tena. Lakini nisikilize, Kalunde. Kosa la plagi lilikuwa la dakika moja, na lingerekebishwa siku ile ile. Kimya chako ndicho kilichowaweka wagonjwa hatarini, kwa sababu mimi niliwaahidi usalama ambao haukuwepo. Ukiharibu kitu, sema kingali kinatengenezeka. Anayeficha ufa huwaacha wenzake walale chini ya ukuta unaoanguka."

Kalunde aliitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa, akaanza kumsaidia Amin kufunga mashine.