Ujumbe wa Nyaboke kwa Kocha

Kila asubuhi, kabla jua la Doha halijawa kali, Reuben, dereva wa hoteli, alimpeleka binti yake mkubwa, Jerusha, uwanjani kufanya mazoezi. Mdogo wake, Nyaboke, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alibaki nyumbani kwao, mtaa wa Al Wukair, akisubiri basi la shule. Yeye pia alipenda kukimbia, lakini hakuna aliyewahi kuamka mapema kwa ajili yake.

Mwaka huo, 2014, Jerusha alikuwa chuoni. Jioni moja wakila ugali, alimwonyesha Baba barua.

"Klabu moja ya hapa mjini inataka kunilipa kila mwezi," alisema. "Nimekataa. Mashindano ya vyuo ni ya ridhaa. Ukilipwa, hukimbii."

"Lakini unatoka jasho sana. Hustahili malipo?"

"Labda sheria itabadilika, Baba. Kwa sasa iko hivyo."

Baba alitabasamu. "Kweli nimepata mtoto!"

Nyaboke alisukuma sahani yake kando. Kila siku Jerusha, Jerusha tu! Alichukua simu ya mama yake, akamwandikia Kocha Halima, Mtanzania aliyefundisha timu ya chuo. Hakutaja jina lake. "Jerusha analipwa na klabu. Anawaficha."

Alhamisi Jerusha alirudi macho yakiwa mekundu. Jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya mbio za vyuo kwa sababu ya ujumbe ule. Mbio zilikuwa Jumamosi, na ofisi ya klabu, ambayo ingethibitisha kwamba alikataa, ilikuwa imefungwa hadi Jumapili, kwani wikendi ya huko ni Ijumaa na Jumamosi.

Nyaboke alifurahi moyoni. Kisha akamsikia Baba akiuliza kwa sauti ya chini, "Jerusha, niambie ukweli. Ulizichukua zile pesa?"

Jerusha alilia tu.

Nyaboke hakuwahi kumwona Baba akimtazama dada yake hivyo. Furaha ikamtoka yote.

"Ni mimi niliyemwandikia kocha, Baba," alisema. "Nilidanganya. Nilimwonea wivu."

Kesho yake Baba aliwapeleka wote wawili kwa kocha. Nyaboke alirudia mbele yake kwamba alikuwa amedanganya. Kocha aliwapigia simu waandalizi, akawaeleza, nao wakamrudisha Jerusha kwenye orodha.

Jumamosi Jerusha alimaliza wa tatu. Baba alipomkumbatia, Nyaboke alipiga makofi, ingawa wivu bado ulimchoma. Kocha Halima aliona, akamvuta kando.

"Mwanangu, kama wanamichezo wa chuo walipwe au wasilipwe, hata sisi walimu tunabishana. Ni swali zuri. Lakini wewe hukuuliza swali hilo. Ulitaka dada yako asikimbie. Wivu ukikushika, sema wazi kwamba nawe unataka kuangaliwa. Usimzulie mwenzako uongo, maana uongo mdogo unaweza kumharibia mtu kazi ya miaka."

Nyaboke alimfuata Jerusha. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," Jerusha alijibu akifungua kamba za viatu. "Hasira bado ninazo. Lakini ulisema ukweli ilipokuwa vigumu kuusema. Kaa hapa karibu nami."