Hii Mahari Iko ya Mtu?

Saa ya chakula cha mchana, mgahawa wa melanji pale Kabeza hauna adabu. Unaruhusiwa kujaza sahani mara moja tu, kwa hiyo watu wanapanga wali, ndizi, viazi na maharage kama wanajenga ghorofa, kisha wanaanza kugombea viti. Aidah alikuwa amekaa peke yake, gauni lake la manjano limenyooshwa vizuri, akila haraka ili arudi redioni anakosoma habari za Kiswahili. Kijana mrefu, shati lina madoa ya rangi nyeupe, akasimama mbele yake na sahani iliyofurika.

"Dada, samahani. Hii mahari iko ya mtu?"

Aidah, aliyekulia Ngara upande wa Tanzania, aliweka uma chini. "Mahari? Kaka, mimi hata kuchumbiwa bado. Kama unatafuta mahali, kaa."

"Ndiyo hiyo. Mahari."

Alicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Kijana aliitwa Niyongabo, alikulia Bujumbura, na kwake l na r zilikuwa kitu kimoja. Alikuwa na duka la rangi, yeye akiita langi, mtaa huohuo. Kabla sahani haijaisha alikuwa ameshapewa namba ya simu.

Mapenzi yalikolea upesi. Kisha ukaja uvimbe shingoni mwa Aidah, ukakataa kuondoka. Madaktari walisema ni saratani ya tezi za limfu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na neno hilo alishalisoma redioni mara nyingi bila kukwama.

Phiona, rafiki yake wa kazini aliyekulia Kampala, hakuwa mtu wa sura za msiba. Siku ya kwanza ya dawa aliitazama nguzo ya dripu, akaibatiza jina la Shemeji.

"Banange, huyu ndiye mwanaume," alisema. "Mwembamba, mkimya, na hata ukienda chooni anakufuata."

Nywele zilipokwisha, Niyongabo alikuja na kadi ya rangi za dukani, akaanza kuilinganisha na kichwa cha mpenzi wake.

"Sheri wangu, tulia. Natafuta langi ya kichwa yako."

"Umeipata?"

"Iko katikati ya kahawia na asali. Kwa duka hatuna. Itabidi tuagize."

Aidah alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Lakini wakishaondoka, hofu ilimrudia. Kufa alikuogopa, ndiyo, ila aliogopa zaidi siku atakapogundua kwamba Niyongabo ameshaanza kumuaga moyoni.

Jumapili moja simu ikaita, akiwa kibarazani kwa Phiona, kule Rebero.

"Sheri! Mahari yako iko tayari."

"Mahali gani?"

"Bugesera! Nimeiona jana, nimeridhika. Wazee wameshakubali. Usiogope, itakungoja."

Aidah alikata simu. Tangu wafahamiane alikuwa na mazoea ya kumsahihisha kimyakimya, na hakujua kwamba safari hii mwenzake hakukosea hata herufi moja. Hakupokea simu yake tena. "Amenitafutia kaburi," alimwambia Phiona. "Bugesera. Na wazee wamekubali."

Phiona aliinuka papo hapo. Alivaa viatu akaenda Kabeza kumtukana mtu.

Siku ya dawa iliyofuata Phiona aliingia wodini akijishika mbavu kwa kicheko, Niyongabo nyuma yake, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani.

"Aidah, wewe ulisikia nini?"

"Mahali," alisema, akiangalia ukuta. "Mahali pa kunizika."

Niyongabo alisogea kitandani. Kisha akatoa simu, akamwonyesha picha ya ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu, anayeitazama kamera kwa dharau.

"Mahari," alisema polepole, akiivuta ile r. "Inkwano. Ya kukuoa."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

"Msichana anasomea nchi nzima habari," alisema Phiona, "na yake mwenyewe imempita!"

Aidah alianza kwa kulia, kicheko kikaja katikati, vyote vikatoka pamoja. Alimpenda mtu huyu, na ndiyo maana ilibidi aulize.

"Kipimo cha kuona kama dawa inafanya kazi ni mwezi ujao. Majibu yakiwa mabaya?"

Niyongabo alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na hayo aliyokuwa nayo yalikuwa na makosa.

"Yakiwa mabaya, utakuwa mgonjwa iko na bwana. Yakiwa mazuri, utakuwa mzima iko na bwana. Bwana iko palepale, haiendi."

Dawa ilikuwa inadondoka taratibu. Phiona aligeukia dirisha. Aidah aliichukua simu, akamtazama yule ng'ombe.

"Hii mahari," aliuliza, "iko ya mtu?"

"Iko ya baba yako. Kama wewe unakubali."

Aidah alimsukuma Shemeji pembeni, akajisogeza, akapigapiga godoro kwa kiganja.

"Kaa," akasema.