Aliyemuitikia Basma

Majina yalikuwa kumi na mawili, watoto kumi na mmoja. Sumaiya alilijua hilo, maana aliyekosekana ni bintiye mwenyewe, Basma, aliyeamka na homa akaachwa nyumbani Mbweni na bibi yake. Alisahau tu kumfuta kwenye orodha.

Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika msitu wa hifadhi wa Mchekeni, na Jumapili hiyo alikuwa anafungua njia mpya ya matembezi ya watoto. Ofisi ilitaka kila kikundi kiitwe kwa majina njiani, asije akapotea mtu. Muhiddin, mlinzi wa siku nyingi, alinuna tangu getini.

"Ukishavuka kisima watu huhesabiwa kwa makofi, Bi Sumaiya. Hawatajwi."

"Na wewe Muhiddin! Watoto wa watu hawa, nnataka kujua kila mmoja yuko wapi."

Walipovuka kisima akasimama akasoma. Wavulana wakaitika "Naam", wasichana "Abee", huku wakisukumana na kunyang'anyana mabungo. Akafika mwisho wa karatasi, na mdomo ukatangulia akili.

"Basma!"

"Abee," ikaitika sauti nyuma ya miti ya mikungu.

Watoto wakacheka, wakadhani Basma kajificha. Sumaiya hakucheka. Ilikuwa sauti ya mwanawe hasa, na ukwaruzo wake wa homa, na pale penye majani mabichi palinuka udi ambao hakuna mtu aliyeuchoma. Akawatoa watoto mbio mbio.

Nyumbani alimkuta Basma amekaa kitandani, homa imeshuka. Alipomwita, mtoto alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Bibi yake alisema sauti ilimkatika saa nne na nusu, katikati ya kuomba maji. Ndiyo saa ile ya kisimani.

Daktari hakuona ugonjwa. Siku ya tatu akaja Mwalim Hasan, akamsomea mtoto mpaka adhuhuri, kisha akafunga msahafu na kuinamisha kichwa.

"Sauti yake iko huko ulikomtaja," akanong'ona. "Nenda kaiite. Ikishaitika, toka. Na wewe ukiitwa kabla hujavuka kisima kutoka, usiitike."

"Hata akinita nani, Mwalim?"

"Nshakwambia. Hata nani."

Alasiri ile Sumaiya aliingia peke yake, Muhiddin akabaki getini na tasbihi yake. Alipofika penye mikungu akaita mara moja, na ndege wote wakanyamaza. Akaita mara ya pili, na harufu ya udi ikaja ikamjaa puani na kooni mpaka akakohoa. Akaita mara ya tatu, huku akijua kwamba majani makavu nyuma yake yanakanyagwa polepole na mtu asiye na haraka, na kwamba akigeuka tu hatoweza kumaliza alichokuja kukifanya, na hapo ndipo ilipotoka, karibu na sikio lake, ile "Abee" aliyoililia siku tatu.

Akatimua mbio. Kisima kilikuwa kinaonekana, hatua ishirini hivi, simu ilipolia mfukoni. Ni namba ya nyumbani.

"Mama!" Alikuwa Basma, akilia na kucheka. "Mama, nnasema!"

Mama gani angenyamaza? Furaha ilimpanda Sumaiya ikamsahaulisha kila kitu.

"Abee, mwanangu!"

Hapo hapo koo lake likawa tupu. Alitaka kuongeza neno, midomo ikacheza bure.

"Mama? Mbona umenyamaza?"

Nyuma yake, kwenye mikungu, mwanamke akajibu kwa sauti ya Sumaiya, yenye mapenzi yote ya mama kwa mwanawe.

"Sijanyamaza, mwanangu. Naja nyumbani sasa hivi. Nifungulie mlango."

Sumaiya aliishika simu kwa mikono miwili, akapiga kelele zisizotoka.

"Haya, Mama," akasema Basma. "Naufungua."