Waya wa Chumba cha Vifaranga

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1964, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, mashine ya joto ilinyamaza.

Safi alikuwa akikunja nepi. Mikono yake ikasimama.

Chumba kile kilijengwa kwa ajili ya vifaranga. Mzungu mwenye nyumba alikimbia waasi walipoingia Kisangani, akamwachia funguo mpishi wake, Papa Nassoro, babake Safi. Sasa ndani ya kreti ya vifaranga alilala mtoto wa Fatouma, dada yake Safi. Kazaliwa wa miezi saba, ana siku nne. Hospitali haikuwa na daktari. Fatouma, aliyelala kando ya kreti, alikuwa amepoteza damu nyingi, na mikono yake ilikuwa baridi kuliko ya mtoto.

Ukutani, mshale wa termostati, kifaa cha kuiamuru mashine, ulisimama kwenye thelathini na tano. Ukashuka. Thelathini na tatu.

“Universite yako haikukufundisha hii, Safi?” Papa Nassoro alijaribu kutania.

Taa iliwaka, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Fyuzi nzima. Safi alifungua kifuniko cha termostati, akagusanisha nyaya mbili. Kimya. Termostati ilikuwa ikiita, na mashine kule bandani, nyuma ya nyumba, haikusikia.

“Papa, nenda bandani. Fungua nyaya, ushikishe betri na balbu ya tochi. Mimi nitaziunganisha huku. Balbu ikiwaka, waya ni mzima. Tuongee kwa bomba.”

Bomba la hewa ya moto lilitoka bandani hadi pale ukutani. Papa akatoka kwa mlango wa jikoni. Giza lilikuwa linaingia.

Thelathini na moja.

“Papa? Umefungua?”

Kimya... Kisha sauti ndogo, kama ya mtu anayeogopa kusikika barabarani.

“Nimefungua.”

Safi akazisokota nyaya. “Inawaka?”

“Inawaka.”

Waya mzima! Safi alitaka kulia.

“Na mutoto... munamupatia jina gani?” sauti ikauliza.

Kwao jina la mtoto halitamkwi kabla ya siku ya saba, wasio watu wasije wakalisikia. Papa Nassoro ndiye aliyewafundisha hivyo. Lakini macho ya Safi yalikuwa kwenye mshale. Thelathini.

“Waziri,” alisema.

Mashine ikanguruma.

Hewa ya moto ikaja, na harufu ya manyoya yaliyoungua, na ya tope la mtoni. Mtoto akafumbua macho kwa mara ya kwanza.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Papa Nassoro aliingia, tochi mkononi, nguo zimelowa.

“Pole, mama. Waasi walikuwa wanapita. Nimelala nyuma ya tangi la maji. Sijafika bandani.”

Safi akaligeukia bomba.

Ndani ya bomba, taratibu...

“Waziri.”

“Yo Safi,” Fatouma alinong'ona. “Ulisema jina yake?”

Papa akakimbia bandani, akazima swichi. Mashine haikuzimika. Wakamtoa mtoto, wakamkumbatia kwa zamu, wakamfunika vitenge vinne. Midomo yake ikawa ya buluu. Wakamrudisha. Ile sauti iliita mpaka alfajiri, na wao wakabana midomo.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Safi aliingia bandani peke yake.

Waya ulikuwa umekatwa na panya, si jana. Ncha zilikuwa na kutu, na kati yake nafasi ya shubiri nzima. Vumbi mbele ya mashine halikuwa na nyayo ila za Papa. Swichi ilikuwa chini, imezimwa. Mashine ilinguruma.

Akazivuta ncha, akaziunganisha. Akapandisha swichi. Kila kitu kama kinavyotakiwa.

Mashine ikanyamaza.

“Safi!” Sauti ya Fatouma ilitoka nyumbani, imepasuka. “Inashuka! Yo Safi, mutoto anapoa!”

Aligusa fyuzi. Alikaza skrubu moja moja. Alipiga mashine kwa ngumi. Kimya.

Akazifungua zile ncha.

Ngurumo ikarudi mara moja, na pumzi ya moto ikampita shingoni.

Safi akatoa sparadra, plasta ya kidonda, mfukoni. Akaizungushia ncha moja, kisha nyingine, kila moja peke yake, tabaka tatu, ili zisije zikagusana.