Betri Inayoishia Skarvik

Walikutana soko la samaki la Bergen, mvua ikimwagika kama kawaida yake. Gunnvor alikuwa na koti jekundu na uso wa mtu asiyetaka kusumbuliwa. Jamaa mwenye sweta zito la sufu akamkumba, na kamba aliotoka kuwanunua Gunnvor wakatapakaa chini wote.

"Hicho ndicho chakula changu cha jioni!"

"Basi twende ule changu," akasema Sjur. "Mimi napika vizuri kuliko ninavyotembea."

Gunnvor akacheka bila kutaka. Kumbe huyo alikuwa nahodha wa kivuko kipya ambacho yeye hukiangalia kila siku kwenye kioo cha kompyuta ofisini.

Kivuko hicho kilikula umeme kutoka vyanzo viwili. Seli za hidrojeni, zinazogeuza gesi kuwa umeme, zilitoa wake taratibu, na ukizishtua zinachakaa upesi. Vishindo vya kuondoka gatini na kufunga gati vilibebwa na betri. Kazi ya Gunnvor ilikuwa kugawa mzigo kati ya seli na betri ili pasiwe na kinacholemewa. Betri ikishuka mno, kengele ililia mezani kwake, naye akampigia nahodha.

Miezi ikapita, mapenzi yakakolea. Kisha kengele ikaanza kulia kila Sjur akiwa zamu, na kila mara katika gati moja tu, Skarvik. Magari yanapopakiwa, nahodha husukuma kivuko kidogo kwa injini ili kishikamane na gati. Sjur alisukuma kama mwenye ugomvi nalo.

"Nahodha, unataka kuling'oa hilo gati?" Gunnvor akamuuliza kwa simu.

"Upepo, mpenzi wangu."

"Upepo gani? Kipimo kinaonyesha shwari!"

Nyuma ya Sjur ikasikika sauti ya mwanamke, laini kama siagi. "Kipenzi, chapati yako ya maji hii, ingali moto!"

Kipenzi! Gunnvor akakata simu. Wivu ulimpanda, kahawa yake akaimwaga. Jioni Sjur akapiga.

"Mbona umenuna?"

"Nani huyo anayekuita kipenzi?"

"Oddlaug wa mgahawa wa kivukoni? Huyo humwita kila mtu hivyo." Akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Gunnvor alikuwa mtu wa Oslo, na kwao Oslo hakuna anayemwita mtu baki kipenzi. Usiku kucha alimchora Oddlaug kichwani: kijana, nywele ndefu za dhahabu, kiuno hicho. Bila shaka Skarvik ndiko wanakopata faragha, huku betri ikiteketea.

Alhamisi akapanda kivuko, ameshaamua kuachana naye. Akaanzia mgahawani, akiwa amepaka rangi nyekundu ya mdomo kwa ajili ya vita.

"Kahawa au chai, kipenzi?" akauliza bibi mwenye miwani mizito na magoti mabovu. Kisha akamgeukia dereva wa lori aliyekuwa nyuma: "Na wewe, kipenzi?"

Gunnvor alitamani bahari immeze. Lakini walipofunga gati Skarvik, simu yake ya kazi ikalia mfukoni. Betri! Akapanda ngazi mbio hadi kwenye usukani.

"Hakuna upepo, hakuna mwanamke. Betri yangu unaimalizia nini?"

Sjur akaiva uso hadi masikioni. "Umejisikia? 'Betri yangu.' Ikipungua kidogo tu, unapiga simu papo hapo. Mimi mwenyewe, bila habari za betri, tangu tujuane hujanipigia hata siku moja. Kila mara ni mimi ninayepiga. Naionea wivu, Gunnvor. Skarvik tunakaa gatini muda mrefu, basi huko naimaliza ili nisikie sauti yako. Najua ni upuuzi."

"Unaizeesha, unajua?"

"Najua."

"Naweza kukushtaki kwa wakubwa."

"Hilo pia najua."

Gunnvor alitafuta hasira yake, hakuiona. Ilikuwa kweli, hakuwahi kupiga. Alisubiri apigiwe, akajiita mwanamke mwenye heshima zake.

"Naogopa," akasema. "Nikikupigia, utajua kuwa nakuhitaji."

"Na unanihitaji?"

Redio ikakoroma, sauti ya baharia kutoka chini kwenye magari: "Nahodha, tumejaa! Tunangoja nini?"

"Punguza kwanza," akasema Gunnvor. Sjur akarudisha mkono wa injini taratibu, na betri ikatulia.

"Nakuhitaji," akasema Gunnvor, akimpangusia jasho kwa kiganja. "Haya, endesha, watu wana safari zao."

Kivuko kiliondoka Skarvik kimechelewa, na ofisini hapakuwa na mtu wa kupiga simu kuuliza sababu.