Aliyekisahaulisha Kisanduku

Saa tatu kasorobo asubuhi binti alitoka chumbani na kompyuta mpakato kifuani, akasema mtandao umekufa. Usaili wake ulikuwa saa nne kamili, kwa video: kazi ya kuuguza wazee katika nyumba ya wagonjwa, mbali, kazi ambayo mama yake alikuwa akimwombea tangu walipomzika baba.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Aliinua macho juu ya mlango wa sebule, kilipofungwa kisanduku cha mtandao, akaona taa zake zinawaka. Basi si bibi. Bibi, mama mkwe wake, kila akipita kwenye soketi huzima, awepo mtu asiwepo.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha jana. Fundi waliyemwita Waya alikifunga, akakipa jina la "Kwa Bibi" kwa amri ya bibi mwenyewe, akaiunganisha kompyuta, kisha akawaonyesha wote wa nyumba kitundu kidogo nyuma yake. Hicho msikiguse, aliwaambia, kikichokonolewa kisanduku kitasahau kila nilichokifundisha. Bibi akasema basi amepata mwenzake.

Sasa kwenye kompyuta jina la "Kwa Bibi" halikuwepo. Mahali pake palikuwa na msururu wa herufi na namba. Shemeji, mdogo wa marehemu, alijaribu kuwapa mtandao wa simu yake, lakini ndani ya nyumba ile simu hushika kwa taabu, na duara lilizunguka tu bila kufungua kitu. Mama akaichukua simu hiyo, akasimama nayo dirishani, akampigia Waya na kumsomea zile herufi.

"Hicho kimechokonolewa, mama," Waya alisema. "Hakijifanyii chenyewe."

Alikuwa juu ya paa la watu, upande wa pili wa mji. Maelekezo ya kukirudisha yalikuwa ndani ya mashine yake, hayasimuliki kwenye simu. Angekuja, lakini si kabla ya saa tano.

Mama alimgeukia shemeji, maana ndiye aliyelala sebuleni, chini ya kisanduku. Akamwuliza kama alikigusa.

"Shemeji, nikiue mimi, halafu iweje? Nilikuwa naangalia mpira. Saa mbili nimekwenda kuoga mtandao upo, nimerudi mchezaji kaganda, mguu juu. Mpaka sasa sijui kama alifunga."

Mama akapima maneno hayo. Saa mbili alikuwa jikoni na bibi wakichambua mchele, na hakuna aliyeinuka. Isitoshe miguu ya bibi haipandi hata kizingiti. Mlango wa nje ulikuwa na komeo, madirisha yana nondo. Akaihesabu nyumba nzima, akabaki na mtu mmoja. Akaanza kuhesabu upya.

Alivuta kiti, akapanda. Pembezoni mwa kitundu palikuwa na mkwaruzo mpya. Chini yake, juu ya fremu ya mlango, ilikuwepo pini ndogo ya mtandio, ncha imepinda.

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Binti alikuwa ameketi kitandani, mtandio wa usaili ameufunga fundo chini ya kidevu. Asubuhi alikuwa ameaga kwamba anakwenda kupiga pasi nguo. Mama aligusa pasi. Ilikuwa baridi, na blauzi ilikuwa na makunyanzi yake yote.

Akafumbua kiganja chenye ile pini.

"Ilinidondoka," binti alisema. "Nilisikia baba mdogo anatoka bafuni."

"Kwa nini, mwanangu? Mtu mwenye mkono wa kuuguza kama wako?"

"Ndiyo huo mkono, mama. Nimemgeuza baba kitandani mpaka siku ya mwisho. Nimemwosha. Mwishoni akaniita mama, hanijui. Siwezi kuanza tena na mzee mwingine, halafu mwingine."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Kila nikianza unasema tusali kwanza. Tunasali. Tukimaliza, wewe umeshafurahi."

Mama alizitafuta siku hizo moja moja, akaziona. Siku ya kujaza maombi ya kazi. Siku barua ilipojibiwa. Jana, wameweka mikono yao miwili juu ya kompyuta hii hii.

Saa nne ikapita. Kompyuta ilibaki wazi kitandani, ikitafuta mtandao.

"Sasa wewe unataka nini?" mama aliuliza.

"Sijui. Nilijua hilo moja tu, kwamba sitaki."

Mama alifungua mdomo. Neno lililokuja lilikuwa lile alilolizoea, tusali, na mara hii hakulitoa. Aliketi kando ya binti yake, na walikuwa bado wamekaa hivyo Waya alipobisha hodi, na shemeji akamkimbilia mlangoni kumwuliza kama alisikia ile mechi iliishaje.